Kufufua ndege kongwe ya jeshi ukiwa Unguja au Pemba

Nikipewa ndege iliyolala miaka thelathini Dodoma na nyengine iliyolala miaka kumi tu pwani ya Maruhubi, nitachukua ya Dodoma bila kuuliza mara mbili. Chumvi ya hapa kwetu haina subira. Inaingia na umande wa usiku, inajificha chini ya rangi, inaila alumini huku nje ndege bado inang'aa. Mwongozo huu ni kwa anayetaka ndege yake iruke, si ya kuegeshwa mbele ya hoteli watalii wapigie picha. Na ni kwa anayefanyia kazi hiyo visiwani, maana vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na unyevu wa masika ya Zanzibar hawaujui.

Kabla ya lolote: lazima awepo injinia wa ndege mwenye leseni, anayekagua na kutia saini kila hatua. Wewe na vijana wako mnaweza kuvua, kusugua, kupaka na kushona chini ya macho yake, lakini saini si yenu. Kijana anayeipenda kazi hii na ana miaka ya kusoma mbele yake, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) Dar es Salaam kinafundisha matengenezo ya ndege.

Chagua ndege ambayo dunia bado ina vipuri vyake

Tamaa ya kwanza ya wengi ni ndege ya kivita ya jeti. Iache. Jeti ina kiti cha kurusha rubani chenye baruti ndani, injini yake inakunywa mafuta kupita kiasi, na anayejua kuitengeneza yuko mbali. Anza na ndege za mafunzo na za usafirishaji za jeshi, zenye injini ya pistoni.

Historia yetu wenyewe inatoa mfano. Kikosi cha anga cha JWTZ kilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na ndege za mafunzo zilikuwa Piaggio P.149D, zenye injini ya Lycoming ya nguvu-farasi 270. Mwaka 1965 Wajerumani hao wakafunga virago, na chanzo kilikuwa hapa hapa: baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa imeshikana mkono na Ujerumani Mashariki, na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, hawakukubali kukaa nchi moja na ndugu zao wa Mashariki. Wakaja Wakanada na ndege zao za de Havilland Canada, zikiwemo Otter na Caribou.

Kwa mfufuaji, kisa hicho kina faida ya vitendo. Ndege za Kanada za ukoo huo, hasa Beaver na Otter, zilikuwa na cheti cha kiraia tangu mwanzo na zingali zinaruka duniani, kwa hiyo vipuri na vitabu vyake vinapatikana. Chipmunk nayo ni nzuri kwa anayeanza, ni ndogo na injini yake ya Gipsy Major inaeleweka. Harvard ni kubwa zaidi na ina kelele ya kufurahisha. Wareno waliitumia Msumbiji na Afrika Kusini waliitumia mpaka miaka ya 1990. Caribou, pamoja na mapenzi yangu kwake, ina injini mbili za silinda 14 kila moja. Usijaribu hiyo kama si tajiri, na ukiwa tajiri hutokuwa tajiri tena.

Karatasi kabla ya spana

Watu wanacheka nikisema ndege ni karatasi yenye mabawa. Kinachonunuliwa hasa ni kibati cha namba ya kiwanda pamoja na vitabu vya kumbukumbu: saa za kiwiliwili, saa za injini, ajali zilizowahi kutengenezwa, sehemu zilizobadilishwa. Ndege isiyo na vitabu inabidi kila sehemu yenye ukomo wa maisha uihesabu kuwa imekwisha. Bei ya kununulia itakuwa ndogo, na hapo ndipo watu wanapotumbukia.

Hakikisha jeshi lililokuwa na ndege limeitoa rasmi katika daftari lake na kwamba silaha, vifaa vya kulengea na baruti vimeondolewa, kwa maandishi. Bila ya barua hiyo hata usiipakie kwenye kontena. Hutaki kuielezea forodha ya bandari ya Malindi, Unguja, kwa mdomo.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo usajili wa 5H (alama ya ndege za Tanzania) na kibali cha kuruka unakwenda kuviomba TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Viwanja vya hapa viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, nao ndio utakaozungumza nao kuhusu mahali pa kuegesha na kuwasha injini. Kaa nao wote kabla hujanunua. Uliza moja kwa moja: ndege ya aina hii itapewa cheti kamili, au kibali maalumu chenye masharti ya kutobeba abiria wa kulipa? Jibu hilo linaamua kama una biashara au una burudani.

Banda

Pafuate bara la kisiwa, si ufukwe. Upepo wa kusi unabeba chumvi hadi mbali, lakini kila hatua unayokwenda ndani, miti na nyumba zinaipunguza. Sakafu iwe ya saruji, paa lisivuje, na madirisha yafungike wakati wa masika.

Chimba au jenga tangi la maji ya mvua. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na ndege ukiiosha kwa maji hayo umeipaka sumu kwa mikono yako. Maji ya paa yaliyochujwa ndiyo ya kuoshea na kusuuzia.

Halafu pambana na wadudu na panya kabla ndege haijaingia. Mkojo wa panya unakula alumini vibaya sana. Manyigu nao hujenga nyumba ya udongo ndani ya mrija unaopima mwendo wa ndege, na mrija ukiziba rubani anadanganywa na saa zake. Ziba kila tundu kwa vifuniko vyekundu vyenye utepe mrefu unaoonekana.

Ukaguzi wa mwanzo: amua kama iruke au ikae makumbusho

Ukaguzi huu ufanye kabla hujalipa pesa yote, na usiuharakishe. Vua vifuniko vyote vya ukaguzi, chukua tochi na kioo kidogo chenye mpini, ingia.

Anza na boriti kuu za bawa na pale zinaposhikana na kiwiliwili. Kama boriti imechimbwa na kutu kupita kipimo cha kitabu cha ndege hiyo, kazi nyengine zote hazina maana mpaka boriti ipatikane. Angalia mahali maji yanapotuama: chini ya sakafu, chini ya betri ambako tindikali imedondoka, kwenye bawaba, na kila mahali chuma au shaba imegusana na alumini. Metali mbili tafauti zikikutana penye maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa, na hapa dhaifu ni alumini.

Kutu ya alumini haina rangi nyekundu. Ni unga mweupe au wa kijivu, rangi inavimba malengelenge, na ikiwa mbaya bati linachanuka tabaka tabaka pembeni. Hali hiyo ya mwisho ukiiona kwenye boriti, simama, piga simu, jadili bei upya au ondoka.

Pita ukitazama ribiti, yaani misumari inayoshikanisha mabati, moja moja. Ribiti yenye mstari mweusi unaoelekea nyuma, kama masizi, imelegea na inacheza. Uweusi ule ni unga wa alumini iliyosagika. Ukikuta moja, weka alama. Ukikuta safu nzima, jua bati hilo lilipata mshituko zamani, pengine kwa kutua vibaya, na tafuta tatizo ndani yake.

Alama hizo usizitie kwa penseli. Risasi ya penseli ni kaboni, na kaboni juu ya alumini kwenye unyevu huanzisha kutu palepale ulipoandika. Tumia kalamu ya wino inayofutika. Nimeona jina la fundi wa zamani limechimbika kwenye bati la ndani, herufi zote zinasomeka.

Hatari mbili za kiafya katika hatua hii. Saa za zamani zenye mishale inayong'aa gizani nyingi zilipakwa radiamu. Hata zikiacha kung'aa, mionzi bado imo. Usizifungue, usikwangue rangi yake, zitenge na upeleke suala kwa wataalamu wa mionzi. Na vizuizi vya joto karibu na injini vinaweza kuwa na asbesto, basi vilowanishe kabla ya kuvigusa na uvae barakoa ya kweli, si kitambaa.

Kuvua rangi na kuua kutu

Ondoa rangi kwa dawa, si kwa mashine ya kusagia. Bati la ndege aghalabu ni alumini ngumu iliyofunikwa ngozi nyembamba ya alumini safi, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Ukiisaga umeivua nguo. Brashi za chuma cha kawaida zipige marufuku bandani, kwa sababu chembe zake zinabaki kwenye alumini na kuanza kutu upya.

Kutu ikishatolewa kwa msasa laini, pima unene uliobaki na ulinganishe na kitabu. Kama bado umo ndani ya kipimo, osha kwa tindikali ya kusafishia alumini, suuza kwa maji ya mvua, kisha paka dawa ya kromati inayoligeuza bati kuwa na rangi ya dhahabu. Praima, yaani rangi ya chini, ifuate siku hiyo hiyo. Hapa kwetu bati tupu lililoachwa mpaka kesho limeshapata chumvi mpya usiku. Dawa hizo za kromati, pamoja na praima za zamani za kijani-njano, husababisha saratani. Glavu, miwani na pumzi salama si hiari.

Ribiti

Ribiti za kawaida za ndege hujulikana kwa kitone kilichobonyea katikati ya kichwa chake. Nyengine ngumu zaidi huhifadhiwa kwenye friza baada ya kupikwa, na zikitoka lazima zigongwe haraka kabla hazijakaza. Usichanganye aina, duka la hardware la Darajani halina ribiti ya ndege hata kama inafanana.

Kipimo cha kushika kichwani: ribiti itokeze upande wa pili kiasi cha mara moja na nusu ya kipenyo chake. Ikishagongwa, kichwa kipya kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na unene wa nusu ya kipenyo. Kutoka ukingo wa bati hadi katikati ya tundu pasipungue mara mbili ya kipenyo. Kitabu cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kiitwacho AC 43.13-1B, kina vipimo vyote hivi na kinapatikana bure mtandaoni. Kichapishe.

Kugonga kunahitaji watu wawili wanaoelewana, mmoja na bunduki ya upepo, mwengine nyuma ameshika chuma cha kupokelea. Anayepokea ndiye anayeamrisha, maana yeye ndiye anayeona. Mazoezi yafanywe kwenye mabati ya taka mpaka mikono izoee.

Vyuma vinavyobeba uzito

Vishikizo vya bawa, miguu ya kutulia, bolti kuu: hivi havipimwi kwa macho. Vya chuma hupimwa kwa sumaku na unga maalumu. Vya alumini unaweza kuvipima bandani, injinia akiwepo, kwa rangi ya kupenya. Kisafishe kishikizo mpaka kikauke kabisa. Paka rangi nyekundu, iache ipenye muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi dakika 10 hadi 15. Ifute yote kwa kitambaa chenye dawa. Usimwagie dawa moja kwa moja, itaifukua hata iliyomo kwenye ufa. Kisha puliza unga mweupe na ungoje. Kama kuna ufa, mstari mwekundu utajichora wenyewe juu ya weupe, mwembamba kama unywele. Kipande chenye mstari huo hakichomelewi. Kinatupwa, na kabla ya kutupwa kikatwe vipande viwili asije mwengine akakiokota akakiuza.

Kitambaa

Chipmunk na Harvard zina usukani na sehemu nyengine zilizofunikwa kitambaa. Zamani kilikuwa kitani au pamba. Leo wengi hutumia poliesta, inayokazwa kwa pasi kwanza kwenye nyuzi joto kama 120, mwisho kama 175. Pasi ya nyumbani usiiamini namba zake, ipime kwa kipimajoto.

Mafundi wetu wa matanga wa Nungwi wana mikono ya kazi hii kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kitambaa hushonwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi uliopakwa nta na sindano iliyopinda, na mafundo yake hayapishani sana na yale wanayoyajua. Mzee mmoja aliponiona nahangaika na uzi alinipokonya sindano: "Mwanangu, wavuta uzi kama wamuogopa. Vuta, ukatae, ndiyo funga." Nilichomuongezea ni kipimo tu: karibu na propela, ambako upepo ni mkali, mishono iwe karibu karibu zaidi kama mchoro wa ndege unavyotaka.

Vanishi ya kukazia kitambaa haipendi unyevu. Ukipaka mwezi wa Aprili, itaganda na weupe kama ukungu, na weupe huo maana yake nguvu haipo. Kazi hii ipangie kipupwe, Juni hadi Septemba, jua likishapanda na umande ukishakauka. Na isipakwe karibu na moto wala swichi inayotoa cheche; vanishi ya aina ya naitreti huwaka ghafla.

Injini

Injini usiifungue wewe. Ipeleke karakana yenye idhini, na tenga kwa ajili yake pesa nyingi kuliko ulizonunulia ndege. Propela ya chuma vivyo hivyo. Kinachobaki kwako ni kuitunza isioze inaporudi: tia mafuta ya kuhifadhia, na badala ya plagi weka vizibo vyenye chembechembe za kunyonya unyevu. Zikiwa buluu zina kazi, zikigeuka pinki zimeshiba. Zikaushe kwenye oveni urudishe. Zanzibar zinashiba upesi, basi zitazame kila wiki.

Injini ya duara, yenye silinda zilizopangwa kuzunguka kama ya Beaver au Harvard, ina tabia moja inayovunja mifuko ya watu. Ikisimama, mafuta ya kulainishia hushuka na kujaa katika silinda za chini. Mafuta hayabanwi. Ukibonyeza stata, pistoni inapiga ukuta wa mafuta na mkono wake unapinda, na pengine hutojua mpaka ukatike angani. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, swichi zote zikiwa zimezimwa, izungushe propela kwa mkono taratibu mizunguko miwili kamili, ili kila silinda ipite mzunguko wake wote. Ikikataa, usilazimishe na usiirudishe kinyume, kwani kurudisha kunayasukuma mafuta kwenye bomba la kuingizia hewa na yatarudi baadaye. Toa plagi za silinda za chini, namba 5 na 6 zikiwa za kwanza, weka ndoo, yaache yatoke.

Na unaposhika propela, simama kana kwamba itawaka. Waya wa kuzimia magneto, kifaa kinachozipa plagi cheche, ukikatika, swichi inasema imezimwa na magneto iko hai.

Kujua afya ya silinda, sukuma hewa ya shinikizo la psi 80 na usome inayobaki. Ikiwa 70 na kitu, vizuri. Ikishuka chini ya 60, sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye bomba la moshi ni vali ya moshi, kwenye kabureta ni vali ya kuingizia, kwenye pumzi ya injini ni ringi.

Kamba za usukani, uzito, na moto wa kwanza

Kamba za chuma zipitishie kitambaa. Kikinasa, kuna nyuzi zilizokatika, na kamba ibadilishwe yote. Mipira na mabomba yote ya mafuta yabadilishwe hata yanayoonekana mapya. Mafuta ya breki yafuate kibao cha ndege, kwa sababu mekundu ya madini na ya zamani ya mimea hayachanganyiki na yanaharibu mipira ya mwenzake.

Ukishafunga usukani, watu wawili tafauti wakague, kila mmoja peke yake. Kijiti kikienda kulia, eleroni (kibawa cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya kulia ipande na ya kushoto ishuke. Kuna ndege zilizoanguka kwa sababu kamba zilifungwa kinyume na kila mtu alitazama tu kwamba kitu kinatikisika.

Pima uzito kwenye mizani tatu, bandani, milango imefungwa upepo usiinyanyue. Tuseme magurudumu makuu yanabeba kilo 1,410 kwa umbali wa mita 0.40 kutoka alama ya kipimo, na gurudumu la mkia kilo 140 kwa mita 6.20. Zidisha: 564 na 868, jumla 1,432. Gawa kwa uzito wote, 1,550, upate mita 0.92. Namba hiyo iangukie ndani ya mipaka ya kitabu cha ndege yako. Ikitoka nje, ndege haitoki bandani.

Siku ya kuwasha, weka vizuizi vya magurudumu, mtu wa kizimamoto, na watazamaji mbali kando, wasiwe usawa wa propela. Shinikizo la mafuta lisipopanda ndani ya sekunde 30, zima. Hakikisha mafuta ya kuendeshea ni Avgas, petroli ya ndege, ya buluu. Ya jeti haina rangi na inanukia mafuta ya taa, na injini ya pistoni itakubali kuwaka nayo kidogo kabla ya kukusaliti ukiwa juu.

Safari ya kwanza airuke rubani anayeijua aina hiyo, peke yake, kibali kikiwa mkononi. Njia ya kurukia ya Kisauni, kiwanja cha Unguja, inakwenda kaskazini na kusini, hivyo pepo zetu mbili kubwa zinakuja takriban usoni, neema kwa ndege za gurudumu la mkia. Chagua asubuhi, kabla ya ndege za watalii kuanza foleni. Abaki juu ya kiwanja, asivuke bahari, atue, na vifuniko vya injini vivuliwe hapo hapo. Fungua kichujio cha mafuta, kikate, kimwage kwenye chombo cheupe. Unga laini kidogo ni kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyoshikwa na sumaku maana yake ndege inarudi bandani.

Baada ya hapo, kila inaporuka juu ya bahari ioshwe siku hiyo hiyo kwa maji ya mvua, chini ya tumbo kwanza, halafu bawaba zipakwe mafuta na vifuniko vyekundu virudi mahali pake.